Riwaya Teule Bila Darasa: Usomaji wa Chozi la Heri Lanet Wakati wa UVIKO-19

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), ilitahiniwa katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE) nchini Kenya kuanzia mwaka 2018 hadi mwaka 2022. Kuanzia mtihani wa 2023 nafasi yake ilichukuliwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kitabu kinapotoka katika orodha ya vitabu teule hutoka pia vinywani mwa wahakiki. Miongozo yake huuzwa kwa bei ya kutupa kando ya barabara, walimu hufunga madaftari yao ya maandalio, na kazi iliyosomwa na vijana wa nchi nzima kwa miaka mitano huachwa bila kufanyiwa tathmini ya jumla. Makala haya yanakusudia kuanza kuijaza nafasi hiyo kwa kuiangalia riwaya hii katika kipindi kigumu zaidi cha maisha yake ya shuleni, yaani miaka ya janga la Korona.

Makundi matatu kati ya matano ya watahiniwa waliofanyiwa mtihani juu ya riwaya hii yaliisoma katika kalenda iliyovurugika. Watahiniwa wa 2020 walifanya mtihani wao mwezi Machi na Aprili 2021. Wale wa 2021 walifanya wao mwezi Machi 2022, na wale wa 2022 wakafunga mwaka huo huo kwa mtihani wa pili. Kwa hiyo anayetaka kujua riwaya hii ilipokewaje hana budi kujua ilisomewa wapi, na nani, na kwa njia gani shule zilipofungwa.

Dai letu kuu ni kwamba Chozi la Heri ni riwaya inayoamini mkusanyiko. Kitovu chake cha kifani na kimaudhui ni kundi la wanafunzi wanaoketi pamoja na kusimuliana yaliyowasibu. Janga la Korona liliwanyima wasomaji wake jambo lile lile ambalo riwaya inalitoa kama dawa. Tofauti hii baina ya ulimwengu wa matini na ulimwengu wa msomaji inatufunulia nguvu ya riwaya upande mmoja na udhaifu wake upande wa pili. Aidha inatufunulia kasoro ya namna tunavyotahini fasihi, kasoro iliyokuwako kabla ya janga na ambayo ingali nasi.

Tumeichagua Lanet, mashariki ya jiji la Nakuru, kuwa mahali pa mjadala wetu. Sababu zake zitabainika katika sehemu inayofuata. Hoja zetu zinatokana na matini yenyewe na hali za usomaji zinazofahamika na walimu wa Bonde la Ufa.

2.0 Mahali na Wakati

Lanet iko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru. Ni mtaa wa watu wa namna nyingi: familia za wanajeshi wa kambi ya Lanet, watumishi wa serikali waliojenga nyumba zao, wapangaji wa vyumba vya ploti, wafanyabiashara wadogo, vibarua na waendeshaji wa bodaboda. Upande mmoja kuna barabara ipandayo Dundori kuelekea Nyandarua, njia ya viazi na kabeji. Si mbali ni Pipeline, mahali ambapo baadhi ya waliofukuzwa makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walitafuta pa kuanzia upya, baada ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru kuwa kambi yao mwaka 2008.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa mhakiki. Mtahiniwa wa kawaida wa KCSE ya 2020 alizaliwa karibu na mwaka 2002 au 2003. Nakuru ilipowaka mwezi Januari 2008, yeye alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Riwaya aliyopewa shuleni inaanza na Ridhaa akiwa katika magofu ya nyumba yake iliyoteketezwa pamoja na jamaa zake kwa sababu za kisiasa na kikabila. Nchi ya riwaya imepewa jina la kubuni, Wahafidhina, lakini msomaji wa Nakuru hahitaji mwongozo kumwambia ni nchi gani. Kwa msomaji wa mahali pengine, moto huo ni habari. Kwa baadhi ya wasomaji wa Lanet ni jambo ambalo wazazi wao hawalizungumzi mezani.

Pili, kuna Mwangeka, mwana wa Ridhaa, aliyekuwa mbali katika kazi ya kulinda amani wakati jamaa zake walipoangamia. Katika mtaa wa wanajeshi, baba aliye mbali ni hali ya kila siku ya nyumba nyingi, hasa tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia mwezi Oktoba 2011. Kejeli ya Matei, kwamba anayelinda amani ya wengine anarudi kukuta kwake hakuna mtu wa kulindwa, ina makali mapya inaposomwa karibu na lango la kambi.

Sababu ya tatu ni janga lenyewe. Kisa cha kwanza cha UVIKO-19 nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Shule za kutwa zilifungwa tarehe 16 na zile za bweni zikafuata katika juma hilo hilo. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Kidato cha nne walirudi darasani tarehe 12 Oktoba 2020 na wengine tarehe 4 Januari 2021. Kisha tarehe 26 Machi 2021, wakati watahiniwa wakiwa katika msimu wa mtihani, kaunti tano zilitangazwa kuwa eneo lililoathirika zaidi na kufungiwa pamoja: Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia eneo hilo wala kutoka hadi tarehe 1 Mei, na ndani yake kafyu ilirudishwa saa mbili usiku. Nyandarua haikuwamo. Kwa mkazi wa Lanet mpaka wa janga ulikuwa umepita juu ya barabara ya viazi.

Dhiki ya mahali ilikuwa imekwisha kutangulia. Mwaka 2020 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa, Nakuru, Naivasha na Baringo, yalipanda na kuwahamisha watu. Mashamba ya maua ya Naivasha yaliwasimamisha kazi wafanyakazi wake soko la Ulaya lilipoanguka. Walimu walioajiriwa na bodi za shule na wale wa shule za binafsi walibaki bila mshahara. Kule Mwea madarasa ya shule moja ya binafsi yaligeuzwa banda la kuku, na habari hiyo ikaenea duniani. Ndani ya hali hii, mwanafunzi alitakiwa aendelee kusoma fasihi.

3.0 Msomaji na Upeo wa Matarajio

Nadharia ya upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, ilituzoeza kusema kwamba maana ya kazi ya fasihi haikai katika maandishi peke yake. Jauss alizungumzia upeo wa matarajio ambao kila kizazi cha wasomaji huja nao. Iser alizungumzia mapengo ambayo mwandishi huyaacha na msomaji huyajaza. Wahakiki wetu wa Kiswahili wameitumia nadharia hii kwa manufaa, lakini msomaji wanayemzungumzia aghalabu hana mwili. Hana chumba, hana taa, hana ndugu wadogo wanaolia. Ni msomaji wa dhana.

Msomaji wa Lanet wa mwaka 2020 alikuwa na mwili. Kama alikaa katika ploti ya chumba kimoja, mahali pa kusomea palikuwa pia jikoni, chumba cha kulala na mahali mama anapopangia mboga za kuuza. Kama mama hakuuza siku hiyo, hakukuwa na pesa za kununua bando, na simu ilikuwa moja kwa watu watano. Mwenzake aliyekaa katika nyumba yenye uzio, nusu kilomita kutoka hapo, alikuwa na intaneti, meza na mzazi aliyewahi kusoma riwaya. Watahiniwa hawa wawili walifanya mtihani mmoja, juu ya kitabu kimoja, siku moja. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba dhana ya upeo wa matarajio iongezwe dhana ya mahali pa kusomea. Mapengo ya Iser hujazwa na mtu aliyeketi mahali fulani, na mahali hapo panaamua ni mapengo yapi anayoweza kuyajaza.

Pendekezo hili linakutana na pingamizi la haki. Msomi wa riwaya atasema kwamba riwaya kama utanzu ilikua pamoja na chumba cha faragha, na kwamba usomaji wa kimya wa mtu mmoja ndio hali yake ya asili. Kwa mujibu wa pingamizi hili, kufungwa kwa shule hakukumdhuru msomaji wa riwaya, maana kitabu kilikwenda naye nyumbani.

Jibu letu ni kwamba historia hiyo ni ya riwaya ya Ulaya na ya tabaka fulani huko huko Ulaya. Katika shule nyingi za kutwa nchini Kenya riwaya teule haijapata kuwa kitabu cha faragha. Nakala ni chache kuliko wanafunzi. Mwalimu husoma kwa sauti, au humteua mwanafunzi mmoja asome na wengine wafuate, watatu au wanne wakiinamia nakala moja. Anaposimama kueleza, wanaguna, wanacheka, wanaulizana. Njogu na Chimerah katika Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999) waliitazama fasihi kama jambo la kufundishwa kwa mbinu zake, na hapa tunaongeza kwamba katika madarasa haya riwaya andishi huishi maisha ya fasihi simulizi. Ina mtambaji, ina hadhira, ina mahali na ina saa yake. Shule ilipofungwa, kitabu kilikwenda nyumbani, kama kilikwenda, lakini hadhira haikwenda nacho.

4.0 Duara la Tangamano

Hapa ndipo matini ya Matei inapotudai tuisome upya. Umulkheri, au Umu, amepoteza wazazi na kutenganishwa na ndugu zake, Dick na Mwaliko. Anapofika katika Shule ya Tangamano anajiona kama mtu pekee aliyeonewa na dunia. Kinachombadilisha ni wenzake. Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema wanamsimulia, mmoja baada ya mwingine, yaliyowakuta. Yupo aliyeguswa moja kwa moja na vita vya baada ya uchaguzi. Yupo aliyepata mimba akiwa angali mwanafunzi na kujikuta mitaani. Yupo aliyelelewa na bibi kisha akabaki bila mtu.

Kifani, sehemu hii ni hadithi ndani ya hadithi. Wahakiki wa shuleni huitaja kwa jina la mbinu, huhesabu alama yake na kupita. Lakini tukiitazama kwa makini tunaona kwamba mwandishi ameuingiza utaratibu wa utambaji katikati ya riwaya. Usimulizi wa nafsi ya tatu unawapisha wahusika wazungumze wenyewe. Kila hadithi inaitikia iliyotangulia. Msimulizi wa kwanza anamwazima wa pili ujasiri wa kusema. Hakuna anayetoa suluhisho, na hakuna mtu mzima anayeongoza mazungumzo. Nafuu anayopata Umu inatokana na kusikiliza kabla ya kutokana na kusema, kwani katika kusikiliza anagundua kwamba dhiki yake ina ndugu. Jina la shule, Tangamano, ni la kimajazi, nalo limebeba nadharia nzima ya mwandishi kuhusu shule ni kitu gani.

Ni muhimu kuona kwamba Matei haitukuzi shule bila masharti. Mapema katika riwaya tunaelezwa utoto wa Ridhaa, ambaye wenzake darasani walimtenga kwa kuwa ni wa jamii iliyohamia, mfuata mvua kama wanavyomwita. Darasa ndilo lililomfundisha kwamba yeye ni mgeni. Taasisi iliyomjeruhi Ridhaa ndiyo inayomponya Umu. Tofauti baina ya madarasa haya mawili haiko katika majengo wala katika mitaala. Iko katika uwezo wa watoto kusikilizana. Uchungu wa riwaya uko hapo: kizazi kilichokataa kumsikiliza mfuata mvua kilizaa moto, na matumaini ya mwandishi yamewekwa juu ya kizazi kinachosikiliza.

Sasa tumfikirie msomaji wa kidato cha nne huko Lanet mwezi Mei 2020, akiisoma sura hii peke yake baada ya saa moja jioni, wakati nje hakuna anayeruhusiwa kupita. Anasoma habari za vijana wa umri wake walioketi bega kwa bega. Yeye mwenyewe ameagizwa akae mbali na mwenzake, na darasa lake limefungwa kwa kufuli. Mwezi Juni magazeti yalipojaa mjadala juu ya mimba za wasichana wa shule, yule Zohali wa kitabuni alikuwa ameingia mtaani. Katika mwaka wa kawaida mwalimu angeuliza swali, kungekuwa na kicheko cha aibu, kisha kimya, kisha mtu angesema jambo la kweli. Katika mwaka huo hakukuwa na mahali pa kimya hicho. Matini ilikuwa imefunguka kuliko wakati wowote, na msomaji hakuwa na wa kumwambia.

5.0 Sauti na Mwongozo

Kilichochukua nafasi ya darasa kilikuwa cha aina tatu. Kwanza, vipindi vya redio na televisheni vilivyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala (KICD). Vilifika mbali, lakini redio haiulizwi swali. Pili, simu. Walimu waliunda makundi ya WhatsApp, wakapiga picha kurasa, na baadhi yao wakajirekodi wakisoma sura kwa sauti na kuzituma. Jambo hili halijathaminiwa vya kutosha. Mwalimu aliyejirekodi alikuwa amerudi, pengine bila kujua, kwenye kazi ya mtambaji. Alielewa kwamba riwaya yake inahitaji sauti ndipo isomeke. Hata hivyo hadhira yake ilikuwa ni wale wenye bando tu.

Tatu, na ndilo lililoenea zaidi, mwongozo. Mwongozo ulishinda kwa sababu ni kitabu kinachoweza kusomwa na mtu mmoja asiye na mwalimu. Umeorodhesha wahusika na sifa zao, dhamira na mifano yake, mbinu na kurasa zake. Hauna mapengo. Kila ambacho Iser angesema msomaji akijaze umekwisha kukijaza. Hatuna nia ya kumlaumu mwanafunzi aliyeushika mwongozo kwa mikono miwili wakati kila kitu kingine kimechukuliwa. Lawama ni ya mtihani uliokwisha kuufanya mwongozo utoshe. Mtahini anayeuliza dondoo hili limetolewa katika muktadha gani, kwa alama nne, anapima kumbukumbu ya mahali pa maneno. Swali hilo lingeweza kujibiwa na mtu ambaye hajaguswa na riwaya hata kidogo. Janga lilitoa jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulifanya: liliondoa darasa, likaacha mtihani, na mtihani ukaendelea.

Tamthilia teule ya kipindi hicho, Kigogo ya Pauline Kea, ilipatwa na hali kama hiyo kwa njia yake. Mgogoro wake unaanzia katika kufungwa kwa Soko la Chapakazi, na msomaji ambaye mama yake alikuwa amefungiwa soko hakuhitaji maelezo juu ya maudhui. Alihitaji wenzake wa kugawana nao sehemu za Sudi, Tunu na Majoka. Tamthilia inayosomwa na mtu mmoja ni ngoma iliyoegemezwa ukutani.

Jumuiya ya fasihi yenyewe ilionja uchungu huo huo. Tarehe 10 Aprili 2020 Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema (1996) na wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya iliyotangulia Chozi la Heri katika orodha ya vitabu teule, aliaga dunia jijini Nairobi. Alizikwa Trans Nzoia tarehe 22 mwezi huo chini ya masharti ya mazishi yaliyokuwako. Wanafunzi na wasomi waliolelewa na kazi zake waliomboleza kila mmoja kwake. Ikiwa sisi wenye shahada tulihisi kwamba maombolezo bila matanga yana upungufu, inatupasa tuelewe kwamba usomaji bila darasa nao una upungufu wa jinsi hiyo.

6.0 Sadfa, Wafadhili na Swali la Anwani

Hadi hapa tumeonyesha nguvu ya riwaya. Usomaji wa kipindi cha janga unatulazimisha pia kutaja udhaifu wake.

Katika nusu ya pili ya riwaya, majeraha yanatibiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni duara la wasimulizi tulilolijadili. Njia ya pili ni mfadhili. Watoto waliotupwa wanapata watu wema wenye uwezo wa kuwalea: Umu anachukuliwa na Mwangeka na Apondi, na nduguye Mwaliko anapata walezi wengine. Hatimaye ndugu hao watatu wanakutana tena kwa sadfa. Wahakiki wengi wa shuleni husema kwamba sadfa hizi zinapunguza uhalisi. Sisi tunadhani tatizo ni la kiitikadi kabla ya kuwa la kifani. Sadfa inaingia pale taasisi zinaposhindwa. Mwandishi ameonyesha kwa ukali kabisa jinsi dola ilivyowaacha wakimbizi wa Msitu wa Mamba na jinsi mtumishi mwaminifu kama Lunga anavyoadhibiwa kwa uaminifu wake. Lakini anapofika kwenye tiba hairudii dola kuiuliza kitu. Anamtafuta mtu mwema.

Katika miaka ya kawaida msomaji angeweza kupita hapo bila kujikwaa. Katika mwaka 2020 kujikwaa kulikuwa lazima. Jirani mwema wa Lanet alikuwako. Aligawa unga, aliazima simu, alimsamehe mpangaji kodi ya mwezi mmoja. Lakini mwezi wa tatu na yeye alikuwa hana kazi. Wema wa mtu binafsi una kikomo kinachoitwa mshahara, na janga lilikigusa kikomo hicho hadharani. Msomaji aliyeona hivyo alikuwa na haki ya kuiuliza riwaya: na yule ambaye Mwangeka hakumpata, je? Riwaya haina jibu, maana imewafuata wale waliopatikana. Chozi linageuka kuwa la heri kwa Umu. Kwa wengi waliobaki kambini halijulikani liligeuka kuwa nini.

Swali hili si la kumkosea adabu mtunzi. Ni swali ambalo kazi nzuri huliibua inapokutana na wakati mgumu. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wetu hana mahali pa kuliuliza. Mojawapo ya maswali yaliyozoeleka mno juu ya kitabu chochote teule humtaka mtahiniwa athibitishe ufaafu wa anwani. Neno lenyewe ni thibitisha. Mtahiniwa hutakiwa aorodheshe machozi ya heri na kutoa mifano, alama mbili mbili, hadi ishirini zitimie. Kijana wa Pipeline ambaye angetaka kusema kwamba anwani hii inafaa kwa wahusika wachache na haifai kwa wengi, na akatoa ithibati kutoka katika matini, angekuwa amefanya uhakiki. Pia angekuwa amehatarisha alama zake. Tumewafundisha vijana kwamba fasihi ni mahali pa kukubali.

Kuna kejeli ya kusikitisha hapa. Riwaya inayofundisha kwamba mtu huponywa kwa kusikilizwa ilifikishwa kwa vijana kupitia mtihani usiosikiliza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kipindi cha UVIKO-19 kinatupa nafasi ya kuitathmini Chozi la Heri kwa namna ambayo miongozo haikuweza. Tumedai kwamba duara la Shule ya Tangamano ndilo kiini cha riwaya kifani na kimaudhui, na kwamba ndilo litakalodumu baada ya mengine kusahauliwa. Tumedai pia kwamba utegemezi wa mfadhili na sadfa ni ufa katika ukuta wa riwaya, ufa ambao dhiki ya Lanet iliuonyesha wazi. Katika nadharia tumependekeza dhana ya mahali pa kusomea kuwa sehemu ya upokezi, ili msomaji wetu apate mwili na chumba.

Kuna mambo matatu yanayofuata kutokana na hayo. La kwanza linawahusu watafiti wetu wa uzamili. Badala ya tasnifu nyingine juu ya usawiri wa wahusika katika kitabu hiki, tunahitaji kukusanya ushuhuda wa walimu na wanafunzi wa 2020 hadi 2022: sauti zilizorekodiwa kwenye simu, madaftari, insha. Sauti hizo zinafutwa kila simu inapojaa. Zikiishapotea, historia ya upokezi wa riwaya ya Kiswahili katika kipindi hicho itaandikwa kwa kutegemea hati za matokeo ya mtihani peke yake.

La pili linawahusu watahini. Si vigumu kuongeza neno moja katika swali: thibitisha au upinge. Neno hilo likiwekwa, mwongozo hautatosha tena, na mwalimu atalazimika kurudisha mabishano darasani. Vitabu vinavyotahiniwa tangu 2023, Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, vinastahili kuulizwa hivyo mapema, kabla navyo havijatoka katika orodha.

La tatu linatuhusu sisi tunaowaandaa walimu. Tumezoea kumpima mwanafunzi wa ualimu kwa azimio la kazi, nukuu za somo na matumizi ya ubao. Hatumpimi kwa uwezo wake wa kunyamaza baada ya kuuliza swali gumu, wala kwa uwezo wa kusoma ukurasa wa riwaya kwa sauti hadi darasa likatulia. Walimu waliojifungia vyumbani mwao mwaka 2020, wakasoma sura baada ya sura kwenye simu kwa ajili ya watoto wasiowaona, walikuwa na ujuzi huo. Hakuna chuo kilichowapa cheti chake.